Podikasti za hadithi darasani: maswali ya walimu wanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda

Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha unapokaribia, maswali huwa yale yale, iwe muulizaji anapelekwa Mbale, Arua au shule ya pembeni mwa Kampala. Yamekusanywa hapa kuanzia yale ya mwanzo kabisa hadi yale yanayomtokea mtu mmoja mmoja. Kama una haraka, shika hili: podikasti ya darasani hupimwa kwa maneno yanayotoka vinywani mwa wanafunzi baada ya spika kuzimwa. Majibu mengi hapa chini yanarudi pale pale.

## Mambo ya msingi

Podikasti ni nini, na ina tofauti gani na redio?

Ni kipindi cha sauti kilichorekodiwa ambacho msikilizaji anakichukua na kukisikiliza kwa wakati wake. Vipindi vya namna hii vilianza kushika kasi mwaka 2004, watu walipopata njia ya kupakua sauti kutoka mtandaoni na kutembea nayo.

Tofauti na redio utaielewa vizuri ukikumbuka shule zilipofungwa Machi 2020 hadi Januari 2022. Masomo yalirushwa redioni, lakini mtoto aliyekuwa kisimani saa ya kipindi, kipindi kilimpita. Mwalimu wa redioni naye hakuwa na njia ya kujua nani ameachwa nyuma. Rekodi unaisimamisha, unairudisha, unaicheza tena kesho kwa waliokosa.

Kwa kazi yako, podikasti inaweza kuwa faili moja tu kwenye simu, ambayo haijawahi kufika mtandaoni. Wapo watakaokwambia kwamba bila mtiririko wa RSS, yaani njia ya mtandaoni inayompelekea msikilizaji kila kipindi kipya, hiyo si podikasti. Waachie hoja yao. Mwanafunzi wa Senior One, mwaka wa kwanza wa sekondari, haimhusu.

Kwa nini nisisimulie mwenyewe, nikiwa nimesimama mbele ya darasa?

Simulia. Hakuna rekodi inayomshinda msimulizi mzuri anayewatazama watoto machoni. Podikasti ina kazi zake tatu ambazo mdomo wako hauwezi.

Ya kwanza, inaleta sauti usiyokuwa nayo: bibi wa Kinubi kutoka Bombo, dereva wa lori wa Malaba, mama muuza samaki wa Busia. Mwanafunzi ambaye Kiswahili anakisikia kwa mwalimu mmoja tu hudhani lugha yote ina sauti ya mwalimu huyo. Ya pili, inarudiwa vile vile ilivyo, jambo ambalo ni muhimu sana unapofundisha kusikiliza. Wewe ukirudia hadithi, bila kujua utabadilisha maneno. Ya tatu, inakuachia mikono na macho. Rekodi inapocheza unaweza kupita kati ya madawati na kuona nani amepotea njiani na nani anatabasamu kabla ya kichekesho kufika.

Pasipofaa ni pale unaporekodi kurasa za kitabu cha kiada ili usichoke kusoma. Hapo umewaongezea usingizi tu.

Nahitaji vifaa gani?

Simu yako yenye kinasa sauti, na spika ndogo ya kuchaji yenye tundu la memori kadi au flashi, zile zinazouzwa kila mji na ambazo mafundi wa simu hucheza nazo muziki siku nzima. Basi. Usikimbilie kununua maikrofoni. Kama una fedha ya kitu kimoja tu, nunua spika iliyo bora kidogo, maana rekodi safi ikipita kwenye spika mbovu inafika nyuma ya darasa ikiwa mngurumo.

Kabla ya kununua, simama hatua 15 kutoka kwenye spika, mwambie muuzaji acheze mtu anayeongea, wala si muziki. Spika nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa besi. Ngoma zitadunda vizuri, lakini "shika" na "sika" zitasikika sawa.

Lazima niwe na intaneti?

Hapana. Ukirekodi mwenyewe huihitaji hata siku moja. Ukichukua hadithi za mtandaoni, pakua ukiwa mjini au chuoni, nakili kwenye kadi, nenda nayo. Bando si mchezo kwa bajeti ya mwanafunzi, na tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa 12%. Kutegemea mtandao wakati kipindi kimeshaanza ni kujitafutia aibu, na kwa kawaida aibu hiyo hufika siku ya msimamizi kutoka chuoni.

Hadithi iwe na urefu gani?

Dakika 4 hadi 6 kwa Senior One na Senior Two. Kwa shule ya msingi, 3 zinatosha. Hadithi ndefu ikate vipande na ucheze kimoja kila kipindi; watoto wakukimbilie mlangoni wakitaka kujua kilichotokea.

## Kupata hadithi na kuiandikia sikio

Hadithi nzuri nitazitoa wapi?

Anzia pale shule ilipo. Buganda kuna Wakayima, sungura mjanja, na kuna Kintu, Nambi na Walumbe. Acholi wana wang-oo, moto wa jioni ambapo hadithi zilisimuliwa. Kila upande wa nchi una zake, na wanafunzi wakiisikia kwa Kiswahili hadithi wanayoijua kwa lugha ya mama, nusu ya kazi ya ufahamu imekwisha kabla hujafungua mdomo. Kisa wanacho, kinachobaki ni maneno.

Mtandaoni, tovuti ya African Storybook, iliyoanzishwa 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini, ina hadithi fupi za watoto kwa Kiswahili na kwa lugha kadhaa za Uganda. Nyingi zimetolewa kwa leseni ya Creative Commons, inayokuruhusu kuzitumia kwa masharti kama kumtaja mwandishi. Angalia leseni ya kila hadithi, kisha mtaje mwandishi mwanzoni mwa rekodi yako. Habari za vitabu vya dukani ziko chini, kwenye swali la hakimiliki.

Nimeandika hadithi vizuri, lakini nikiirekodi inachosha. Kwa nini?

Kwa sababu umeiandikia jicho. Hili ndilo swali ningependa kila mtu alisome mara mbili, maana kosa hili halirekebishwi na programu yoyote ya kuhariri.

Chukua kisa cha Gipir na Labongo, ndugu wawili wa jadi za Waluo waliotengana karibu na Mto Nile, upande wa Pakwach. Hivi ndivyo walimu wengi wanavyokiandika mara ya kwanza:

"Baada ya ndovu kuvamia shamba la mtama, Gipir, ambaye alikuwa amelala nyumbani, aliuchukua mkuki uliokuwa karibu naye bila kutambua kwamba ulikuwa mali ya ndugu yake Labongo, akamrushia ndovu huyo ambaye alikimbia nao hadi msituni."

Kisarufi haina dosari. Kwa sikio la mtoto wa miaka 13 anayejifunza lugha, ni gunia la mahindi lililomwangukia kichwani. Sasa isikilize hii:

"Usiku. Shambani mtama unavunjika. Kwa! Kwa! Kwa! Gipir anashtuka. Nani huyo? Ndovu! Ndovu yuko shambani! Gipir anapapasa gizani. Mkono unagusa mkuki. Anaushika. Anatoka mbio. Anarusha! Ndovu huyooo, na mkuki ubavuni. Kunakucha. Labongo anakuja: 'Ndugu yangu, mkuki wangu uko wapi?'"

Hapo simamisha rekodi. Usiongeze neno. Waulize: Gipir atajibu nini?

Tazama kilichobadilika. Sentensi moja, tendo moja. Wakati uliopo umechukua nafasi ya wakati uliopita. "Ambaye" na "uliokuwa" zimetoweka. Jina la mhusika linarudiwa badala ya kuachia viambishi kazi yote, kwa kuwa msikilizaji hawezi kurudi mstari wa juu kutazama "huyo" ni nani. Na kuna sauti ya kitu, "kwa! kwa!", ambayo hata asiyejua maana ya mtama ataelewa kuwa kuna kitu kinavunjwa.

Kisa hiki kinasimuliwa kwa namna nyingi. Wapo wanaobadilisha mwenye mkuki, wapo wanaoongeza au kupunguza. Usihangaike kutafuta toleo sahihi. Mwanafunzi akisema "nyumbani kwetu haisimuliwi hivyo", mpe nafasi asimulie ya kwao. Umepata kipindi cha pili bure.

Kiswahili changu kina lafudhi. Nirekodi hivyo hivyo?

Rekodi. Lafudhi ya Kiganda, Kiteso au Kilugbara si ugonjwa. Kinachohitaji uangalifu ni pale matamshi yanapobadilisha maana. Mzungumzaji wa Kiganda mara nyingi hupishanisha "l" na "r" kufuatana na irabu iliyotangulia, na "kula" na "kura" ni mambo mawili tofauti, hasa mwaka wa uchaguzi. Rekodi aya moja, isikilize na mwenzako, pigia mstari maneno kama matatu yanayoponyoka, yafanyie mazoezi, kisha rekodi yote. Ukitaka kufuta lafudhi yote utaongea kama tangazo la uwanja wa ndege.

Kuhusu sauti za kompyuta zinazosoma maandishi: kwa imla zinaweza kufaa. Kwa hadithi, hapana. Hazijui wapi pa kunyamaza.

Niweke muziki na milio?

Kidogo. Mlio mmoja wa kufungulia hadithi unatosha, na uwe wa kwenu: filimbi, kigoma cha shule, wanafunzi wenyewe wakiitikia "Hadithi njoo!" Usichukue wimbo wa msanii uliomo kwenye simu yako. Na usiweke muziki chini ya maneno, kwa sababu ile spika tuliyoizungumzia juu itavichanganya vyote.

## Kurekodi na kuhariri

Shule haina chumba tulivu. Nirekodi wapi?

Kelele za nje si adui mkubwa. Mwangwi ndio adui. Darasa tupu la matofali na mabati hurudisha sauti hata pakiwa kimya, na rekodi inatoka kana kwamba umeingia ndani ya pipa. Unachotafuta ni vitu laini vinavyomeza sauti.

Shule ya bweni? Nenda bwenini mchana, kwa ruhusa ya mlezi, ukae kati ya vitanda vyenye magodoro na nguo zilizotundikwa. Ni studio bora kuliko ofisi ya mwalimu mkuu. Kwa kutwa, stoo ya vitabu au nafaka itafaa. Ukikosa vyote, jifunike blanketi kichwani na simu mkononi. Utatokwa jasho, lakini sauti itatoka safi.

Shikilia simu umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya "p" na "b" isiipige moja kwa moja. Iweke kwenye hali ya ndege. Hutaki mtu akupigie katikati ya ndovu. Kabla ya kuanza, acha sekunde 10 za ukimya. Utazihitaji wakati wa kuhariri ili kuziba mapengo.

Mvua ikianza kupiga mabati, acha. Hakuna ujanja hapo. Bodaboda akipita, nyamaza, msubiri, rudia sentensi nzima tangu mwanzo.

Nitumie programu gani kuhariri?

Kama una kompyuta, Audacity ni ya bure na inafanya zaidi ya unavyohitaji. Kama una simu tu, programu yoyote inayokata na kuunganisha sauti itakutosha. Jifunze mambo matatu: kukata makosa, kupandisha sauti iwe sawa mwanzo hadi mwisho, na kuhifadhi kama MP3. Mengine yasikupotezee usiku unaotakiwa kuandaa masomo.

Usikate kila pumzi. Hadithi isiyo na pumzi hata msikilizaji inamchosha.

Faili zangu ni kubwa mno, hazitumiki kwa WhatsApp. Nifanyeje?

Huenda umehifadhi kwa WAV, sauti isiyobanwa, ambayo kwa sauti ya njia moja (mono) hula takriban megabaiti 5 kila dakika. MP3 ya njia moja kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde hula kama nusu megabaiti. Hadithi ya dakika 6 inashuka kutoka megabaiti 30 hivi hadi 3, na kwa mtu mmoja anayeongea huwezi kusikia tofauti kwenye spika ndogo. Ila hifadhi pia ile kubwa kwenye flashi. Ukiihariri MP3 na kuihifadhi tena mara kwa mara, inazidi kuchakaa.

## Darasani

Nina wanafunzi zaidi ya 80 na spika moja. Inawezekana?

Inawezekana, ila usiweke spika juu ya meza ya mwalimu mbele. Iweke katikati ya darasa, juu ya dawati lililoinuliwa, ikitazama upande wa ukuta wenye watu wengi. Kama bado wa pembeni hawasikii, gawa darasa: nusu wasikilize chini ya mwembe huku nusu nyingine wakichora matukio ya kipande kilichopita, halafu wabadilishane. Nje hakuna mwangwi, ila upepo upo, kwa hiyo wakae karibu karibu.

Kipindi cha dakika 40 kinagawanywaje?

Kosa la kawaida ni kucheza hadithi yote, kisha maswali kumi ubaoni. Hilo ni jaribio, na watoto wanalijua ladha yake.

Jaribu hivi. Anza na kitu cha kushika au kuona, tuseme mkuki uliouchora au ushanga halisi, na maneno magumu matano yasiyozidi. Cheza hadithi yote mara moja bila kazi yoyote, wasikilize tu. Cheza tena kwa vipande, ukisimama pale penye fundo, na kila kituo kiwe na swali moja la kukisia au la kuamua. Wajibizane wawili wawili kabla ya mmoja kusema mbele ya wote. Mwishoni, kikundi kimoja kinasimulia upya kwa maneno yake bila kutazama popote.

Katika andalio la somo, andika dakika na sekunde za kila kituo: "simama 1:40, swali la mkuki". Bila hivyo utakuwa unasogeza kidole kwenye kioo cha simu huku watoto 80 wakikutazama, na hapo darasa limekwenda.

Na usiandike kwenye azimio la kazi kwamba utafundisha "podikasti". Mada ni kusikiliza, ni usimulizi, ni nyakati za vitenzi. Podikasti inaingia kwenye safu ya zana.

Wanafunzi wanacheka kila Kiswahili kinaposikika. Niwafanyeje?

Jua kwanza kicheko kinatoka wapi. Nyumbani kwao, kwa wazazi na babu wengi, Kiswahili kilikuwa lugha ya mwanajeshi kwenye kizuizi cha barabarani, na watoto wamerithi utani huo hata kama hawakuiona miaka ya 1970. Sheria inasema mengine: Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili katika mabadiliko ya katiba ya 2005, na mtaala mpya wa sekondari wa 2020 umekifanya somo la lazima Senior One na Senior Two. Lakini sheria haimfanyi mtoto apende kitu.

Rekodi husaidia hapa kuliko hotuba. Wasikie Kiswahili kikibembeleza mtoto, kikiuza ndizi, kikitania shemeji. Hadithi ya kwanza iwe ya kuchekesha, ili kicheko kiwe na mahali pake halali. Usimrekodi wala kumwadhibu anayecheka.

Wanafunzi wanaweza kurekodi wenyewe?

Hapo ndipo utamu ulipo, na ndipo kazi ilipo. Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo simu ni moja, yako. Gawa kazi: msimulizi, waigizaji wa sauti, wapiga milio, na mmoja wa kusema "tayari" na kuhesabu. Kikundi cha watu 8 kina kazi kwa kila mtu. Mazoezi yafanyike bila simu kabisa. Simu iingie siku ya mwisho tu, ikiwa mkononi mwako.

Watoto wa milio watakushangaza. Maganda ya maharage makavu kwenye kopo huwa mvua, vifuu viwili vya nazi huwa kwato, na daftari likipepewa karibu na simu huwa ndege anayeruka. Waachie wagundue.

Mwenye haya anayegoma kusimama mbele ya darasa mara nyingi hukubali kuongea na simu pembeni. Mwanzie huyo.

Nitawapa alama vipi?

Chini ya mtaala mpya, tathmini endelevu inabeba 20% ya matokeo ya UCE, cheti cha mwisho wa Senior Four, na mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, 80%, na walimu wanatakiwa kutunza ushahidi wa shughuli za darasani. Rekodi ni ushahidi mzuri, mradi umempa mwalimu mwenyeji alama kwa muundo wanaoutumia pale shuleni. Pima kisa kinavyofuatana, msamiati, matamshi yanayoeleweka, na ushirikiano wa kikundi. Usitoe alama kwa ubora wa sauti. Hiyo ni kazi ya simu yako.

Mwalimu mkuu haruhusu simu darasani, hata yangu. Na msimamizi anakuja wiki ijayo.

Usibishane. Hamishia hadithi kwenye memori kadi na utumie spika peke yake. Simu ibaki ofisini. Kisha mwalike mwalimu mkuu aje asikilize dakika 5. Wakuu wengi wanaogopa TikTok, na hawana ugomvi na sungura.

Msimamizi naye mpe nakala ya maandishi ya hadithi ikiwa imeambatishwa kwenye andalio, pamoja na vituo vyako vya kusimama. Uwe na mpango wa pili: spika ikizima, unasimulia mwenyewe kwa mdomo kutoka pale ilipokatikia. Msimamizi anayekuona ukiendelea bila kutetemeka ataandika hilo kabla ya kuandika kuhusu spika.

## Sheria na hali zisizo za kawaida

Naweza kuweka sauti za wanafunzi mtandaoni?

Ushauri wangu ni usiweke. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya au kutumia taarifa za mtoto, na sauti yenye jina na shule yake ni taarifa zake. Idhini ya mwalimu mkuu haitoshi. Hata kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, faili ikitumwa haina mwenyewe tena. Tume ya Mawasiliano, UCC, nayo imewahi kuwataka wachapishaji wa mtandaoni wajisajili, mwaka 2018 na tena 2020, kwa hiyo kufungua kipindi cha hadharani kwa jina la shule ni jambo la uongozi wa shule. Si la mwanafunzi wa mazoezi anayeondoka baada ya wiki chache.

Ukitaka wazazi wasikie, wachezee rekodi siku ya wazazi shuleni.

Naweza kurekodi hadithi ya kitabu kilichochapishwa?

Kuisoma darasani kwa kufundishia ni jambo moja. Kuirekodi na kuisambaza ni jingine. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2006, kazi inalindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hadithi ya jadi uliyosimuliwa na mzee unaweza kuisimulia kwa maneno yako, ila mzee mwenyewe mwombe ruhusa kabla ya kumrekodi na mwambie itasikika wapi.

Darasani nina watoto kutoka Kongo ambao Kiswahili chao si cha kitabu. Rekodi ya Kiswahili sanifu inawachanganya, au inawadhalilisha?

Hili hutokea sana shule za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II na Kyangwali, na hata Kampala. Watoto hawa ndio wasemaji fasaha pekee darasani, halafu wanasahihishwa kutwa nzima na mwalimu ambaye amejifunza lugha chuoni. Kaa uone kichekesho chake.

Wape usimulizi. Warekodi hadithi kwa Kiswahili chao kama kinavyozungumzwa nyumbani, darasa lisikilize, kisha kwa pamoja mtengeneze toleo sanifu la mtihani. Kila mmoja anapata kitu: wao wanajifunza kilichoandikwa vitabuni, wengine wanasikia lugha inayotembea bila kukwama. Usiwaulize hadithi za safari waliyotoka nayo Kongo. Wakitaka kuisimulia wataisimulia wenyewe, na hapo spika izimwe.

Nina mwanafunzi asiyesikia vizuri.

Mpe maandishi ya hadithi kabla ya kipindi na umkalishe karibu na spika akiona uso wako. Kama anatumia lugha ya alama, muulize mwalimu wa elimu maalumu, na mpe mwanafunzi nafasi ya kusimulia kwa ishara huku mwenzake akitoa sauti kwenye rekodi. Maandishi hayo hayo yatawafaa pia wengine wengi ambao hawajawahi kusema kwamba hawasikii vizuri.

Hadithi nyingi za jadi zina ukatili. Nizikate?

Kisa cha Gipir na Labongo, katika masimulizi mengi, kinafika mahali ambapo mtoto anapasuliwa tumbo kwa sababu ya ushanga aliomeza. Senior Two wanaweza kukibeba kama umewaandaa na kama muda wa mjadala upo. Darasa la nne, hapana. Ishia kwenye mkuki, au kwenye ndugu wawili wanaokataa kusameheana. Usifanye mlio wa tukio hilo hata kwa wakubwa. Sauti inaingia ndani kuliko maandishi, na mtoto hawezi kuruka ukurasa. Mahali penye historia ya vita, kama Acholi, zungumza kwanza na mwalimu mwenyeji.

Mazoezi yakiisha, rekodi zibaki na nani?

Zako ulizosimulia mwenyewe, chukua na uache nakala shuleni kwenye memori kadi, zikiwa na majina yanayoeleweka: "Gipir sehemu 1, Senior Two, dakika 5", wala si "rekodi mpya ya mwisho 3". Ambatisha maandishi na vituo vya kusimama ili mwalimu mwingine aweze kuzitumia bila wewe. Zenye sauti za wanafunzi zibaki shuleni kwa mkuu wa idara, na uzifute kwenye simu yako mbele yake. Kama chuo kinahitaji sampuli kwa jalada lako, peleka maandishi ya hadithi na tathmini yako bila majina ya watoto.